Friji gadi, ethi na SPD: miaka miwili ya kujikinga na radi Bukoba

Mtu wa Bukoba hahitaji kuelezwa radi ni nini. Mvua yetu inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na mawingu ya Ziwa Victoria hujikusanya usiku, yakatufikia alfajiri watu wamelala na kila kifaa kimechomekwa.

Nilianza na friji gadi, nikainunua kwa shilingi 45,000. Kwa kazi yake naipa maksi zote. Umeme ukishuka chini ya volti 185 hivi, au ukipanda kupita 260, inakata. Ukirudi, inasubiri kama dakika tatu ndipo iruhusu friji iwake. Kusubiri huko kuna maana: kompresa ikizimika, gesi ndani yake bado ina presha, na ikilazimishwa kuwaka papo hapo inavuta umeme mwingi na inaweza kuungua. Friji yangu iko mwaka wa sita na kompresa ni ileile.

Nilikosea kudhani friji gadi inazuia na radi. Mshtuko wa radi hupita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kabla swichi ya ndani haijapata hata nafasi ya kuachia. Kwa upande wa TV nilikuwa na ekstensheni iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakinga radi. Aprili 2023 radi ikapiga mparachichi wa jirani. King'amuzi kilikufa palepale. TV iliwaka, ila matundu yote ya HDMI, yale ya kuunganishia king'amuzi, yakawa yameungua.

Fundi aliifungua ile ekstensheni mezani kwangu. Ndani: vipande vya shaba na kitaa chekundu, basi. Hakuna varista, kile kidude cha duara kama sarafu ambacho hushika umeme uliozidi na kuumwaga kwenye ethi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini. Hata waya wa ethi haukuwemo. Iliniuma, maana niliinunua kwa bei ya juu nikijua nalinda mali ya watoto.

“Dada, hebu tukaone ethi ya nyumba yenyewe,” akasema. Nyuma ya jiko tulikuta kipande cha nondo kisichozidi urefu wa kiwiko, klampu imeshika kutu na inachezacheza. Kipimo chake kilisoma omu 190, na namba ikiwa kubwa maana yake umeme unashuka ardhini kwa shida. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata ningenunua kifaa cha milioni, umeme wa radi haukuwa na pa kwenda.

Tulipigilia fimbo mbili za shaba za mita 1.2 kila moja, kwenye migomba ambako udongo haukauki, zikaunganishwa. Kipimo kikashuka hadi omu 11. Kisha akafunga SPD, kifaa cha kumwaga mshtuko wa radi kwenye ethi, ndani ya DB, yaani boksi kuu la umeme la nyumba: aina ya 2, ya volti 275 na kiloampia 40. Waya wake wa kwenda ethi aliukata mfupi na kuunyoosha. Waya mrefu uliojikunja hupunguza kinga. Jumla pamoja na ufundi: 210,000.

Machi 2025, baada ya usiku wa ngurumo, kidirisha cha SPD kilikuwa kimebadilika kutoka kijani kuwa chekundu. Hakuna kilichoungua ndani ya nyumba. Nilibadilisha katriji tu, kile kipande cha SPD kinachochomoleka, 38,000, tena ilibidi iletwe kwa basi kutoka Mwanza. Kasoro yake kubwa ni kwamba modeli hii haina mlio wowote. Ikishakufa, umeme unaendelea kama kawaida na wewe huna kinga. Sasa kila nikiingiza LUKU nafungua mlango wa DB nitazame rangi.

Tena SPD ya kwenye DB haigusi waya wa dishi. Fundi anaamini TV yangu iliharibiwa kupitia huko, kwa sababu kilichoungua ni king'amuzi na HDMI, wakati upande wa umeme wa TV ulikuwa mzima. Na radi ikipiga nyumba yenyewe, hivi vya dukani havitoshi. Kwa hiyo wingu likianza kuwa jeusi upande wa kisiwa cha Musira, nachomoa waya wa dishi na plagi ya TV mapema, ngurumo zikiwa bado mbali. Zikishafika juu ya bati sigusi waya wowote, na watoto nimewakataza.