Dar mpaka Durban kwenye meli ya makontena: nyota nne

Watu wananiuliza sana ile safari yangu ya Agosti 2018 kwa hiyo acha niandike mara moja. Sio boti ya Zanzibar jamani, ile ya siti na muvi na mfuko wa kutapikia. Hii ni meli ya mzigo, makontena mpaka juu, mabaharia ishirini na kitu, abiria wawili tu, mimi na mzee mmoja Mjerumani mstaafu ambaye ashazoea haya mambo. Abiria hawatakiwi kuzidi 12, wakizidi sheria za kimataifa zinaihesabu kuwa meli ya abiria na inakuwa habari nyingine. Daktari hamna, ndo maana wanakudai cheti cha afya na bima kabla hujapanda.

Kuondoka kwenyewe sasa! Nilikaa na begi limefungwa siku tisa. Wakala kanipa tarehe, ikabadilika, ikabadilika tena, na meli ipo nje huko imetia nanga. Ukilalamika unajibiwa kwa adabu kabisa kwamba ratiba inafuata mzigo. Yani mteja humu ni kontena, wewe umepewa lifti, tena lifti ya kulipia.

Ila ile siku ya kutoka nilisamehe yote. Tagi, zile boti za kuvuta meli, zinavuta, pailoti wa bandari anayeielekeza meli yuko juu, mi nimesimama nje kimo cha ghorofa ya saba hivi, tunapita pale Magogoni pembamba, soko la samaki upande huu Kigamboni upande ule, na chini pantoni imesimama kutupisha, imejaa watu na bajaji na baiskeli. Mara ngapi nimekuwa kwenye ile pantoni nimechelewa kazini naitukana meli inayopita taratibu kama bi harusi! Nikapunga mkono. Kuna dada mmoja akanisonya, kwa umbali ule sikusikia kitu lakini msonyo unauona kwenye mabega.

Kebini safi, kitanda cha maana, meza, sofa, choo na bafu mlemle, kubwa kuliko chumba changu cha Sinza. Ukifungua pazia unaona mlango wa kontena jekundu, basi, namba yake nimeikariri. Usiku injini inatetemesha kila kitu, glasi ya mswaki ikawa inalia ting ting ting kwenye kishikio chake mpaka saa tisa nikaamka nikaivalisha soksi.

Chai saa moja na nusu, mchana saa sita, jioni saa kumi na mbili, ukichelewa imekula kwako. Mpishi Mfilipino kwa hiyo wali mpaka asubuhi, wali na yai, mi sikulalamika. Pilipili ndo ya chupa, tamutamu, haina kazi.

Mchana kutwa huna cha kufanya na intaneti hamna. Nilikuwa napanda brigi, kule wanakoendeshea meli, unaomba ruhusa kwanza halafu unakaa kimya. Siku ya pili ofisa wa zamu akaninyooshea kidole upande wa kulia, nyangumi wawili wanapumua, moshi wa maji unapanda unapotea. Injini rumu nilishushwa mara moja, joto la tanuri, na ule mtambo mrefu kama nyumba unazunguka mara tisini hivi kwa dakika tu, nilidhani ungekuwa na mbio. Kuna na zoezi la dharura, honi saba fupi na moja ndefu, unatoka na laifu jaketi mpaka kwenye boti ya rangi ya chungwa iliyoning'inizwa nyuma pua chini. Siku ya tatu kusi ilitupiga, sikula.

Saa zikarudishwa nyuma saa moja, tukafika nje ya Durban, upepo ukawa mkali tukatia nanga siku mbili tunaangalia taa za mji. Hiyo ndo nyota niliyokata, kama una harusi au interviu huko panda ndege.

Bei ilikuwa kama yuro 100 kwa siku, chakula ndani, sio rahisi. Viza ya Sauzi sisi Watanzania hatuhitaji kwa matembezi. Na tangu corona kampuni nyingi ziliacha kuchukua abiria, kwa hiyo uliza kwanza kabla hujaomba likizo.