Kamati ya ustawi au chama cha wafanyakazi?

Kwenye shirika letu la uhifadhi hapa Nakuru tuna kamati ya ustawi. Haina makuu: mia tano kwa mwezi, msiba ukitokea tunachanga, Desemba tunachinja mbuzi. Lakini askari wa doria walipoanza kupewa barua za ajira za miezi mitatu mitatu, mwenyekiti wetu alibisha hodi kwa meneja, akakaribishwa chai, basi.

Chama kina usumbufu wake. Ada hukatwa kwenye mshahara, na chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, mwajiri halazimiki kukitambua mpaka kisajili zaidi ya nusu ya wanaostahili kujiunga. Kikishatambuliwa, mnajadili na mwajiri mkataba wa pamoja wa mishahara na masharti ya kazi, nao husajiliwa mahakamani. Hiyo si chai tena.

“Mfadhili atakimbia,” wengine wananong’ona. Mimi nitajiunga. Mbuzi wa Desemba hajakatazwa.