LibriVox: chagua sauti kwanza, riwaya baadaye

LibriVox ni maktaba ya vitabu vya kusikiliza ambayo haitozi chochote. Huhitaji kujisajili, na humo kwenye rekodi hakuna tangazo linalokatiza sura. Hugh McGuire aliianzisha Montreal, Kanada, Agosti 2005, na kazi ya kwanza kurekodiwa ilikuwa riwaya ya Joseph Conrad, The Secret Agent. Tangu hapo wasomaji wa kujitolea wameijaza maelfu ya vitabu. Kwa mpenzi wa riwaya za zamani anayesikia Kiingereza vizuri, ni hazina kubwa kweli. Ila ubora wa rekodi unapishana mno, na anayepakua ya kwanza kuonekana anaweza kuichukia riwaya nzuri bure, kumbe tatizo ni sauti.

Chanzo ni utaratibu wenyewe. Kila rekodi hupitiwa na mtu wa pili anayesikiliza kama kuna maneno yaliyorukwa, sentensi iliyosomwa mara mbili, kimya kirefu au kelele, na kama sauti inakaribia desibeli 89, kiwango walichojiwekea. Mtindo wa usomaji hauguswi. Anayeigiza kila mhusika na anayesoma kama taarifa ya habari wote wanapokelewa. Msimamo huo ni wa haki, na ndio ulioikuza maktaba, lakini kazi ya kuchagua inabaki kwa msikilizaji.

Chukua Pride and Prejudice ya Jane Austen, riwaya ya 1813 yenye sura 61. LibriVox ina rekodi zake kadhaa. Nyingine imesomwa na mtu mmoja mwanzo hadi mwisho, nyingine na kikundi kilichogawana sura, na nyingine ni igizo, kila mhusika na sauti yake. Usipime kwa sura ya kwanza, maana hapo kila msomaji hujitahidi. Nenda sura ya 19, Bwana Collins anapomposa Elizabeth. Collins anataja sababu zake za kutaka kuoa, moja baada ya nyingine, utadhani anasoma ajenda ya kikao. Elizabeth anakataa, naye anaamini kwamba kukataa ndiyo desturi ya wanawake na kwamba atakubali baadaye. Msomaji mzuri hambezi Collins. Anamwacha aamini kila neno lake, na majibu ya Elizabeth yanazidi kukazwa kila anapoyarudia. Msomaji dhaifu huwasoma wote wawili kwa mkondo mmoja, na kichekesho chote kinapotea. Dakika tano za sura hiyo zinatosha kukuamulia rekodi ipi uichukue. Kwa riwaya nyingine yoyote, tafuta vivyo hivyo sura ya katikati yenye mabishano ya watu wawili, uone kama unajua nani anaongea kabla hujaambiwa.

Rekodi za vikundi ndizo zinazowachosha wengi. Sura ya 7 inasomwa na Mmarekani, ya 8 na Mwingereza, ya 9 na mtu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, na jina la mhusika mmoja linatamkwa namna tatu. Kwa mkusanyiko wa hadithi fupi si neno. Kwa riwaya ya muda wa saa 20 yenye wahusika wengi, kaa mbali nayo kama ipo ya msomaji mmoja. Ukimpata msomaji anayekufaa, bofya jina lake: utaona vitabu vyote alivyosoma, na hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kupata riwaya inayofuata.

Sasa ukubwa, kwa wanaohesabu bando. Faili za kbps 64 (kipimo cha ubora wa sauti: namba ikikua, faili nalo linakua) zinakula takriban MB 29 kwa saa moja ya kusikiliza, na za kbps 128 takriban MB 58. Riwaya ya saa 12 basi ni kama MB 350 au MB 700. Sauti ya mtu mmoja akisoma haihitaji zaidi ya 64. Kelele ya chinichini, inayosikika hasa kwenye baadhi ya rekodi za miaka ya mwanzo, imo ndani ya rekodi yenyewe, kwa hiyo faili kubwa haiiondoi. Rekodi huhifadhiwa Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni ya bure, na huko unaweza kuchukua sura moja moja, zip ya kitabu kizima, au faili la M4B, yaani faili moja la kitabu kizima lililogawanywa kwa sura. Mtandao ukiwa wa kusuasua, chukua sura moja moja, kwa sababu zip ikikatika katikati huenda ukalazimika kuanza upya.

Kosa la kawaida ni kusikilizia kwenye programu ya muziki ya simu. Mara nyingi inachanganya sura, na ukiizima haikumbuki ulipoishia. Weka kila kitabu kwenye folda yake, kisha tumia VLC au Smart AudioBook Player. Angalia pia kuwa programu za simu zinazotumia jina la LibriVox zimetengenezwa na watu wengine, na baadhi zina matangazo. Mwendo wa 1.25 unawafaa wasomaji wazito. Ukipita 1.5, mazungumzo yanapoteza pumzi zake, na katika riwaya pumzi hizo ni sehemu ya maana. Kila sura inaanza na tangazo fupi kwamba rekodi ni mali ya umma. Bonyeza kitufe cha kuruka mbele mara moja au mbili limekwisha.

Riwaya za Kirusi na Kifaransa zina mtego wake. LibriVox hurekodi vitabu vilivyoisha hakimiliki tu, na tafsiri nayo lazima iwe imeisha, kwa hiyo unachosikia ni Kiingereza cha karne ya 19 au mwanzoni mwa ya 20, kama cha mtafsiri Constance Garnett kwa Warusi. Sentensi ni ndefu, na mhusika mmoja ana majina matatu au manne. Kwenye ukurasa wa kitabu kuna kiungo cha maandishi yaliyosomwa, mara nyingi ya Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya kusoma bure. Pakua maandishi hayo pia, uyafungue kwa sura mbili tatu za mwanzo hadi majina yakae kichwani. Anayejifunza Kiingereza afanye hivyo kwa kila riwaya.

Kiswahili ndicho pengo linaloniuma. Kipimo cha LibriVox ni sheria ya Marekani, ambako kitabu kwa kawaida hulindwa miaka 95 tangu kuchapishwa. Sheria za Tanzania na Kenya huhesabu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Shaaban Robert alifariki 1962, lakini hilo halisaidii: kitabu kilichotoka 1951 kitasubiri hadi Januari 2047. Riwaya zetu karibu zote zimetoka baada ya 1930, kwa hiyo mlango bado umefungwa. Ngano ziko wazi zaidi. Swahili Tales ya Edward Steere, yenye Kiswahili na Kiingereza, ilichapishwa London mwaka 1870, na maktaba inapokea lugha yoyote. Msomaji mwenye Kiswahili kizuri cha pwani anahitaji maikrofoni ya kawaida, chumba kisicho na feni inayovuma, programu ya kurekodia ya Audacity ambayo ni ya bure, na rekodi ya majaribio ya dakika moja. Atahitaji pia Mswahili wa pili wa kusikiliza na kusahihisha, kwa hiyo ni vizuri waanze wakiwa wawili.