TAHADHARI: Jamaa anayeuza "makaratasi ya kufuta madeni" kwa Waswahili wa Ohio, mimi ameshanila

Wadau salaam. Naandika hii nikiwa na aibu kidogo, ila bora aibu kuliko mwingine aingie kichwa kichwa kama mimi. Kuna jamaa, Mswahili mwenzetu kabisa, anajiita mwalimu, anapita kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wetu huku Ohio anauza kitu anakiita "kurekebisha hadhi". Dola 1,450 kwa Zelle (huduma ya kutumiana hela kwa simu), unapewa faili la kurasa karibu mia mbili, unafundishwa kupiga dole gumba kwa wino mwekundu na unaingizwa darasa la Zoom kila Jumapili. Ukimaliza hatua zote, anasema, madeni yako yanalipwa na hazina ya Marekani, kodi hulipi tena na polisi wa barabarani hawakugusi. Mimi nililipa. Faili liko hapa mezani naliangalia huku natype.

Sikuwa mjinga wa kutupwa jamani. Nilikuwa na deni la kredit kadi dola 9,800, ovataimu kazini ilikatwa, nyumbani Tanga mama anaumwa, na huyu jamaa akaja na maneno matamu yenye tarehe na namba za sheria, na mtu ukishatajiwa namba ya sheria unanyamaza. Hadithi yenyewe iko hivi: mwaka 1933 Marekani iliacha kubadilisha noti zake kwa dhahabu (hiyo ni kweli), kwa hiyo eti serikali ikaanza kuweka watu wake rehani, kila mtoto akizaliwa anafunguliwa akaunti ya siri yenye mamilioni, na jina lako likiandikwa kwa HERUFI KUBWA huyo si wewe, ni kampuni, ni kivuli chako, na madeni yote ni ya hicho kivuli. Wewe mtu wa nyama na damu hudaiwi na mtu.

Nikamuuliza, kaka, mimi nimezaliwa Bombo pale Tanga, cheti cha kuzaliwa nimekifuata RITA nikiwa na ndevu, Marekani imeniweka rehani lini? Akajibu bila kupepesa macho kwamba green card ndiyo kuzaliwa kwangu mara ya pili. Na mimi nikatikisa kichwa kama nimeelewa!! Hapo ndipo ningetakiwa kukimbia. Pasi za kusafiria za dunia nzima zinaandika majina kwa herufi kubwa, sababu ni ili yasomeke, basi.

Sasa oneni tulivyofanya. Bili ya kredit kadi ikija huilipi, unaandika juu yake kwa wino mwekundu, maandishi yaende mshazari, kwamba umeikubali kwa thamani yake, unasaini, unapiga dole gumba, halafu jina unaliandika kwa herufi ndogo na nukta mbili katikati. Unaituma kwa posta ya rejista, kopi moja benki na moja hazina. Ile risiti ya posta iliporudi imesainiwa kwamba mzigo umepokelewa nikapiga picha nikaituma kwenye grupu, watu wakanipongeza. Kumbe nilichothibitisha ni kwamba posta inafanya kazi.

Na kuna fomu nyingine tuliyojaza inaitwa UCC-1, hiyo ndiyo iliyonimaliza kabisa maana ilirudi na muhuri wa ofisi ya jimbo. Muhuri kweli! Sasa sikilizeni vizuri hapa maana ndipo wengi wanaponasa. Fomu ile ni daftari tu la watu kutangaza kwamba mali fulani imewekwa dhamana ya mkopo, mfano benki imekukopesha ukaweka trekta. Karani anapokea, anachukua ada, anaingiza kwenye mfumo, hakagui kama ulichoandika ni kweli. Mimi nimejiandikisha kuwa najidai mwenyewe, na serikali imepokea upuuzi wangu kama ulivyo. Kupokelewa si kukubaliwa.

Benki haikujibu hata barua moja. Waliuza deni kwa wale wanunuzi wa madeni, na wale hawana mchezo, wakanipeleka korti. Hapa Ohio ukishakabidhiwa samansi una siku 28 za kujibu. Mwalimu akaniambia nisijibu kabisa kwa sababu ukijibu umekubali mkataba na korti, niirudishe tu samansi na maneno kwamba siridhii. Nikairudisha. Siku 28 zikapita, hakimu akatoa hukumu ya upande mmoja, na mwezi uliofuata HR wananiita wananionyesha karatasi ya makato. Sheria inawaruhusu kuchukua mpaka robo ya mshahara baada ya kodi. Robo! Kinachoniuma zaidi, nilipokwenda mwishoni kwa mawakili wa msaada wa bure yule dada aliangalia makaratasi akasema riba ilikuwa imehesabiwa vibaya na ningejibu ndani ya muda ningeweza kupunguza au kupanga malipo. Sasa hivi mlango umefungwa.

Nikamrudia mwalimu. Akauliza, wino ulikuwa mwekundu gani? Ulisema jina lako mahali popote? Nikasema karani wa korti alinipigia nikaitika. Akacheka, akasema basi hapo ndipo ulipoharibu, ulipoitika jina umekubali kuwa wewe ndiye kile kivuli. Wadau, mimi nimekulia kijijini, nikamtambua hapo hapo. Huyu ni mganga. Dawa haikufanya kazi kwa sababu ulimsalimia mtu njiani, ulivuka maji, ulikula chumvi, umevunja masharti, leta hela nyingine tuanze upya. Tofauti hirizi yake imechapwa kwa printa. Na kweli akataja dola 600 za "marekebisho".

Baada ya hapo ndio nikaanza kusoma, nimechelewa lakini nikasoma. Jamaa hajabuni kitu. FBI wana tangazo lao la siku nyingi kuhusu utapeli huu huu, na hazina yenyewe inasema wazi hizo akaunti za siri hazipo. Roger Elvick, yule anayetajwa kama baba wa hii nadharia ya kivuli, alikiri makosa ya kughushi hapa hapa Ohio mwaka 2005 na akahukumiwa miaka minne. Mahakama ya rufaa ya Chicago mwaka 2011, kesi ya Benabe, ilisema hoja za "mtu wa nyama na damu" zitupwe bila kupoteza muda. Ndugu zetu wa Canada nako mnayo kesi ya Meads ya mwaka 2012, jaji Rooke wa Alberta alikaa akachambua hoja zote hizi moja moja, na aliwasema hasa hawa walimu wanaouza. Nimetafuta kesi hata moja ambayo mtu alifutiwa deni kwa njia hii, sijapata. Muulizeni mwalimu awape namba ya kesi moja tu muone atakavyobadilisha mada.

Halafu kuna ya magari. Kijana mmoja wa darasani kwetu alinunua kwa mwalimu namba ya gari ya "binafsi", anasema yeye haendeshi, anasafiri, na msafiri hahitaji leseni. Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilishasema tangu 1915, kesi ya Hendrick na Maryland, kwamba majimbo yana haki ya kudai leseni na usajili. Kijana aliegeshwa pembeni barabara ya 270, gari likavutwa, kila siku yadi wanamhesabia, na kopi yake ya mkataba wa Marekani na Moroko wa 1786, aliyoambiwa itamkinga, askari hata hakuifungua. Yeye ni wa Kigoma, Moroko ilimhusu nini sijui.

Ila kinachonifanya niandike leo na si mwakani ni hiki. Sisi wengi ni wahamiaji. Mwalimu anashauri ukifaili kodi ujiandike kuwa ni mgeni asiye mkaazi, au usifaili kabisa. Fungueni fomu ya uraia, N-400, kuna swali linauliza kama tangu upate green card umewahi kufanya kitu hicho hicho. Mzaliwa wa hapa akijaribu anapigwa faini, ritani ya kodi ya kipuuzi ni dola 5,000 kila moja, anaumia anaendelea na maisha. Wewe unaweza kuupoteza uraia kabla hujaupata. Na wengine anawafundisha kudai rifandi ya kodi kwa fomu za 1099-OID (fomu za kodi za kuripoti riba) za kujitungia, hiyo si faini tena, hiyo ni jinai.

Kama umeshaingia: una samansi mkononi, hesabu siku zako leo na ujibu, hata kwa sentensi tatu, msaada wa kisheria wa bure upo kaunti nyingi. Umefaili ritani ya ajabu, tafuta mtu wa kodi mwenye leseni airekebishe kabla hawajakuandikia. Ulifaili UCC-1, kuna fomu ya UCC-3 ya kuifuta. Na ule mkataba mliosaini naye usomeni ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo anasema yeye si wakili, anatoa "elimu" tu, na hela hairudi. Pale jina lake ameandika kwa herufi kubwa, nimecheka peke yangu.

Jina simtaji, lakini mkisikia "kurekebisha hadhi" mjue ni yeye au mwanafunzi wake. Ameshanitoa kwenye grupu na kubadilisha namba. Jumapili hii ana darasa jipya saa mbili usiku, na ada nasikia imefika 1,900.