Meza za Dirishani Zilikuwa Tupu: Uzoefu Wangu wa Jioni Nne Katika Hoteli ya Wasafiri wa Kikazi

Si kawaida yangu kuandika maoni kuhusu hoteli. Nimesafiri kikazi kwa miaka mingi, nimelala katika vyumba vizuri na vibaya, na mara zote nimerudisha kadi ya chumba mapokezi, nikachukua risiti yangu na kuondoka kimya kimya. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Imepita kama mwezi mmoja, pengine zaidi kidogo, tangu nilipokaa katika hoteli hiyo kwa siku nne, na hadi leo, nikiwa naosha vyombo au nimesimama kwenye foleni, hujikuta nikimjibu msimamizi wa mgahawa wake maneno ambayo sikumjibu usiku ule.

Sitazungumzia kitanda, maji ya moto wala intaneti. Hayo yameelezwa kwenye tovuti yao, na kwa haki nikiri kwamba yote yalikuwa kama yalivyoelezwa. Ninachotaka kukieleza ni zile saa zinazoanza kikao cha mwisho kinapofungwa na kwisha usingizi unapokuja. Mchana wa msafiri wa kikazi si mali yake: ana ratiba, ana watu wanaomngoja, ana ripoti ya kuandika. Jioni ndiyo fungu lake, na mimi jioni hizo nazipenda kuliko ninavyoweza kuwaeleza wenzangu ofisini, ambao wakisikia kwamba nilikuwa peke yangu siku zote hizo hunipa pole. Hakuna cha kunipa pole. Nyumbani mimi ni mama, ni mke, ni dada wa watu, na simu yangu haitulii. Kukaa mezani na kitabu, nikala polepole bila kumuuliza yeyote kama amemaliza kazi ya shule, ni mapumziko ambayo siyapati kwingine.

Jioni ya kwanza sikushuka. Nilikuwa nimechoka, nikaagiza chakula chumbani na kukilia ukingoni mwa kitanda. Usiku nililala vibaya, jambo ambalo halikunishangaza, kwa kuwa ndivyo ninavyolala kila nifikapo ugenini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, nchini Marekani, walichapisha mwaka 2016 utafiti ulioonyesha kwamba katika usiku wa kwanza mahali pageni nusu ya kushoto ya ubongo hailali usingizi mzito kama nusu ya kulia, na huwa nyepesi kushtuliwa na sauti, mithili ya mlinzi aliyeachwa zamu. Kwa hiyo mgeni huamka siku ya pili akiwa na usingizi pungufu, anashinda vikaoni, na jioni hiyo ndiyo anayoitegemea. Mimi niliitegemea sana.

Nilioga, nikabadili nguo, nikashuka mgahawani na kitabu changu mkononi. Ilikuwa saa moja hivi. Ukumbi ulikuwa na meza zisizopungua ishirini, na zilizokuwa na watu sidhani kama zilifika sita. Upande mmoja wote ulikuwa wa kioo, na nje ya kioo hicho taa za jiji zilikuwa zinaanza kuwaka, mtaa baada ya mtaa. Nilikuwa nimekwisha kuichagua meza yangu kabla sijafika mlangoni.

Msimamizi alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu. “Mko wangapi?” Nikamwambia ni mimi. “Unamsubiri mwenzako?” Nikamwambia hapana. “Kwa hiyo uko peke yako tu?” Hilo la mwisho alilisema kwa sauti iliyowafanya wanaume wawili waliokuwa karibu na mlango wainue vichwa. Nikaomba meza ya dirishani. Akanijibu kwamba meza zote za dirishani zimehifadhiwa, na kweli kila moja ilikuwa na kibao kidogo cheupe kilichoandikwa hivyo. Akaniongoza hadi mwisho kabisa wa ukumbi, kwenye meza iliyobanwa kati ya mlango wa jikoni na kabati la vyombo, na kabla hata sijavuta kiti akaanza kuondoa vyombo vya mtu wa pili, glasi, sahani, uma, kisu, kimoja baada ya kingine, akivigonganisha, kisha akavirundika juu ya kabati palepale ubavuni mwangu.

Mlango wa jikoni ulikuwa wa kusukuma, na chini ulikuwa na bamba la chuma lililokwanguliwa na viatu hadi likawa jeupe. Kila mhudumu aliyetoka na sinia aliusukuma kwa mguu, nao ukija ulileta joto na harufu ya mafuta, ukagusa mgongo wa kiti changu, ukarudi. Nilihesabu hadi mara thelathini na kitu, nikaacha. Kitabu sikukisoma, kwa sababu upande ule haukuwa na taa ya kumtosha msomaji.

Hata hayo ningeyameza. Naielewa hesabu ya mgahawa: meza ya watu wawili ikikaliwa na mmoja huleta bili ya mmoja, na usiku wa wateja wengi msimamizi ana sababu ya kuilinda. Sibishani na hilo. Lakini nilikaa pale karibu saa mbili, saa ya mwisho kwa makusudi kabisa, nikaagiza chai ambayo sikuihitaji, macho yangu yakiwa kwenye zile meza za dirishani. Hakuja mtu. Jikoni waliposema hawapokei oda tena, yule msimamizi alipita kandokando ya kioo akiviokota vile vibao, akavipanga kiganjani kama karata na kuvitia kwenye droo ya kaunta yake. Vilikuwa saba. Meza saba zililindwa usiku mzima zisikaliwe na mimi.

Nilipanda chumbani nikitetemeka, na usingizi haukuja. Katika kuhangaika na simu nikasoma habari za Harriot Stanton Blatch, mpigania haki ya wanawake ya kupiga kura, ambaye mwaka 1907 yeye na mwanamke mwenzake walinyimwa huduma katika mgahawa wa hoteli moja mjini New York kwa sababu hawakuwa na mwanamume. Alikwenda mahakamani, akashindwa. Najua mimi sikufukuzwa. Nilipewa kiti, nikaletewa chakula, nikalipa. Wala sisemi kwamba mwanamume aliye peke yake asingewekwa mlangoni mwa jikoni, maana pengine naye angewekwa. Lakini swali nililopokelewa nalo ni la ukoo mmoja na lile lililompokea Blatch: yuko wapi wa kukuleta?

Asubuhi yake nilishuka kunywa chai katika ukumbi uleule, nikasimama mlangoni nikashangaa. Ulikuwa umejaa, na karibu kila meza ilikuwa na mtu mmoja. Walikuwapo wenye kompyuta na wenye magazeti, na wengine walikuwa wanatazama nje tu. Niliketi dirishani na hakuna aliyeniuliza chochote. Katika hoteli hiyo, mtu mmoja akinywa chai saa moja asubuhi ni mgeni wa kikazi, na mtu huyohuyo akitaka kula saa moja jioni anakuwa mtu aliyeachwa. Wateja wake wa katikati ya wiki ni sisi, tunaolala mmoja mmoja katika vitanda vya watu wawili na kulipiwa na ofisi zetu. Inaishi kwa fedha za watu wapweke, halafu jioni inawaficha nyuma ya mlango wa jikoni.

Nilitoa malalamiko mapokezi. Binti aliyekuwepo alinisikiliza, akaandika, akasema, “Pole sana, mama.” Sikuona kilichobadilika.

Jioni ya tatu niliamua kutokula pale. Nikapanda basi la kwanza lililopita mbele ya hoteli na kulikalia hadi kituo cha mwisho, nikiwa kiti cha nyuma karibu na dirisha, nikatazama jiji likibadilika kutoka maofisi hadi maduka, na kutoka maduka hadi nyumba zenye nguo zilizosahaulika kambani. Abiria walipokwisha dereva alizima injini, akanigeukia, akauliza kwa upole, “Mama, umepitiliza?” Nikamwambia nimekuja kutembea tu. Akacheka, akasema basi nikae, linarudi baada ya dakika kumi. Hakuniuliza niko na nani. Hiyo ndiyo jioni bora niliyopata katika safari zote za mwaka huu, na ningeweza kuiishia hapo nikaisamehe hoteli.

Kwa hakika nilikaribia kuisamehe. Niliporudi usiku ule, mhudumu mmoja kijana, ambaye jioni iliyotangulia alikuwa akipita nyuma yangu na masinia, alinikuta nikisubiri lifti, akaniambia kwa sauti ya chini nishuke kesho mapema, kwa kuwa yeye ndiye anayefungua ukumbi. Nilishuka mapema. Alinivutia kiti dirishani bila swali, akasogeza kitaa cha mezani upande wangu, kisha akaonyesha vyombo vya mtu wa pili: “Niviondoe au viendelee kukaa?” Nilimwambia aviache, na kitabu changu nikakiegemeza kwenye ile glasi ya pili. Nilisoma sura mbili nzima. Kama ningeandika maoni haya wakati ule ningetoa nyota tano, na ningesema mabaya yote yalikuwa ya usiku mmoja na mtu mmoja.

Kisha msimamizi akaingia. Alisimama kwenye kaunta, akaniona, akamwita kijana. Sikuyasikia maneno, ila niliona kidole kikinyooshwa kuelekea meza yangu mara mbili, na yule kijana akiwa ameweka mikono nyuma, kichwa chini, kama mtoto aliyevunja kitu cha watu. Meza zilizobaki za dirishani zote zilikuwa wazi wakati huo. Nami nilikaa. Sikuinuka, sikwenda kusema kwamba nilikaa pale kwa ombi langu, sikusema lolote. Nilimaliza chakula ambacho hakikupita vizuri kooni, nikamwachia kijana bahashishi chini ya sahani, nikaondoka. Hilo linaniuma kuliko meza ya jikoni.

Nilipofika nyumbani niliwaandikia uongozi. Niliyaeleza yote isipokuwa habari za yule kijana, nisije nikamwongezea matatizo. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, la adabu sana, likinishukuru kwa maoni yangu na kueleza kwamba ukumbi wao umepangwa kwa kuzingatia mahitaji ya kila mgeni. Lilianza kwa maneno “Bwana na Bibi”, likamalizia kwa kutukaribisha tena sote wawili.

Nilikuwa nimeandika nyota tatu hapo juu, kwa ajili ya kitanda kizuri, binti wa mapokezi na kijana wa sinia. Baada ya kulisoma jibu hilo tena leo nimezifanya mbili, na zote mbili ni za yule kijana. Ofisi imekwisha kunikatia safari nyingine ya jiji hilohilo na chumba katika hoteli hiyohiyo. Nimeomba nibadilishiwe, na sijapata jibu. Wasiponibadilishia, jioni ya kwanza sitasimama mlangoni kuulizwa tuko wangapi. Nitakwenda moja kwa moja dirishani, nitakiweka kibao chao pembeni, nitaketi, nifungue kitabu changu, na msimamizi atanikuta hapo.