Uzoefu wangu kuuza Subaru STI Nairobi: yadi ama kujiuzia mwenyewe

Wenye mnataka kuuza gari ya turbo yenye imeguswa kidogo, someni hii kabla hamjaipeleka yadi. Yangu ilikuwa Subaru Impreza WRX STI ya 2005, ile Impreza ya spidi, injini ya EJ20, gia sita, breki za Brembo. Nilikuwa nimebadilisha ekzosti ya nyuma (mufla), nikaweka koilova, zile springi na shoki za kushusha gari, na geji ya busti ya kupima presha ya turbo, basi. Injini na kompyuta ziko vile zilitoka Japani.

Nilianza na yadi moja huku Ngong Road, wale wanakuuzia halafu wanakata komisheni. Kwa Vitz ama Fielder siwezi kuwasema vibaya, wateja wako na bei wanaijua, lakini STI hawaielewi kabisa. Waliipigia bei kama Impreza ya kawaida ya mwaka huo, ati ekzosti inafanya watu wadhani gari imechapwa. Na yenye iliniuma zaidi, nilipitia asubuhi moja nikapata kijana wao ndio amewasha tu, injini baridi, na tayari anakanyaga mafuta mpaka mshale wa mizunguko ya injini unapita elfu tano ndio mteja asikie mlio. Oili bado nzito, haijalainisha vizuri, na turbo ikichapa kazi inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika! Niliondoka na funguo zangu hapo hapo.

Kujiuzia ni kazi, sitadanganya mtu. Simu za "bei ya mwisho ngapi" zinaingia kabla mtu hata ajue ni gari gani, na mabroka nao wanataka kuweka yao juu. Kilichobadilisha mambo ni kupeleka gari kwa fundi wa Subaru Industrial Area apime kompreshen, yaani presha ndani ya silinda, kwa zote nne. Hii injini ni boksa, silinda zimelala upande huu na huu, plagi ziko ubavuni, so ilibidi atoe betri na tenki ya maji ya waipa ndio mkono uingie, lakini zote zikasoma karibu sawa, akaniandikia karatasi, nikaipiga picha nikaweka kwa tangazo pamoja na risiti za oili na taiming belti. Simu zikapungua, lakini zenye zilikuja zilikuwa za watu wanajua wanatafuta nini.

Na msikubali kushushwa bei ovyo. Kenya gari ikishapita miaka 8 haiingii, kwa hivyo STI za 2005 zenye ziko hapa ndizo hizo, hakuna meli italeta zingine. Safi yenye haijachezewa injini ina haki ya kuitisha pesa.

Aliyenunua ni mzee mmoja wa Kiambu Road, mpenzi wa rali, anakumbuka vizuri dereva Colin McRae akishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza. Alilala chini akaangalia kila kitu na tochi, akasimama akaniuliza, "Kijana wangu, na haya matuta yetu nitapitaje ikiwa chini hivi?" Nikamwonyesha springi na shoki za kampuni kwa buti, na mufla yake, zote nilikuwa nimeweka stoo. Hapo ndio mazungumzo ya bei yalianza kwa ukweli. Kama umetoa kitu cha kampuni, tafadhali usikiuze kando.

Pesa tulienda benki yake akanitumia RTGS, ile ya kutuma pesa nyingi benki kwa benki, maana hundi haipiti shilingi milioni moja, na nikangoja mpaka zionekane kwa akaunti yangu, si karatasi ya benki tu. Transfa unaanzisha wewe muuzaji kwa eCitizen upande wa NTSA, ile mamlaka ya usafiri inayosajili magari, yeye anakubali kwa akaunti yake, na ada inategemea cc (ukubwa) za injini. Gari ilibaki kwangu mpaka akubali, kwa sababu jina likiwa bado lako ni wewe polisi watatafuta. Mzee hata hakulalamika, aliketi akanywa chai tukingoja.