Ryzen 5 5600 katika kompyuta ya zamani ya michezo

Badala ya kununua kompyuta mpya, nilikwenda Luthuli Avenue, katikati ya Nairobi, nikatafuta kichakataji (CPU, ubongo wa kompyuta) cha AMD kiitwacho Ryzen 5 5600 kichukue nafasi ya Ryzen 5 2600 niliyoitumia kwa miaka mingi kwenye madabodi (bodi kuu inayobeba vipuri vyote) ya B450. Kilitolewa mwaka 2022, kina viini 6 na nyuzi 12, hufikia kasi ya gigahezi 4.4, na kwa kuwa kimekadiriwa wati 65 kama kile cha awali, sikuhitaji kubadilisha pawasaplai wala RAM zangu za DDR4.

Jambo zito ni BIOS, programu ya msingi iliyo ndani ya madabodi inayoiwezesha kompyuta kuwaka. Madabodi ya zamani haiwezi kukitambua mpaka programu hiyo isasishwe, na kwa kawaida kazi hiyo hufanywa kichakataji cha awali kikiwa bado mahali pake. Muuzaji wa kwanza aliniambia nichomeke tu, na laiti ningemsikiliza, skrini ingebaki nyeusi. Zaidi ya hayo, umeme ukikatika katikati ya usasishaji, madabodi inaweza kuharibika kabisa; kwa hivyo niliunganisha UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika) kwanza, na ninamsihi kila mkazi wa jiji hili afanye vivyo hivyo.

Feni inayokuja na kichakataji hiki inatosha, ingawa huvuma mchezo unapopamba moto. Hakina uwezo wa ndani wa kutoa picha kwenye skrini, hivyo kadi ya michoro ni lazima. Anayeunda kompyuta tangu mwanzo, kwa maoni yangu, aelekee kwenye soketi (kitako cha kichakataji kwenye madabodi) mpya zaidi ya AM5.